Ngome ya Portofino, Italia: ilijengwa kuwalinda wavuvi au kuwachunga?

#1 Mwana_Kisauni

Wakuu, salaam.

Mwezi wa tano nilikuwa Genova kwa harusi ya binamu yangu. Siku moja kabla ya kurudi Mombasa wenyeji wakanichukua kwa boti kutoka Santa Margherita hadi Portofino. Hata kama jina ni geni kwenu, picha mmeziona: kijiji cha wavuvi chenye wakazi wasiofika 400, nyumba ndefu nyembamba za rangi ya chungwa, waridi na manjano zimeshikana mabega kuizunguka ghuba ndogo ya maji ya kijani. Zamani madau ya samaki, siku hizi boti za matajiri.

Ukisimama uwanjani kule chini ukaelekea maji, mkono wako wa kulia kuna kilima, na juu ya kilima kuna ngome. Inaitwa Castello Brown. Nikapanda kwa miguu: ngazi za mawe, unalipita kanisa la San Giorgio, unaingia bustanini, jasho linakutoka. Juu kuna baraza lenye misonobari miwili mikubwa.

Swali langu lilianzia hapo barazani. Nilitegemea kuona bahari. Nikakuta kijiji kizima kiko miguuni pangu. Mhudumu wa mgahawa alikuwa anakunja kitambaa cha meza. Akakikunja mara nne, akakilaza, akakipapasa kwa kiganja. Yote nikayaona. Orofa ya tatu mama mmoja alikuwa anaanika nguo, nikahesabu mashati sita. Hakuna mlango unaofunguliwa pale chini usiouona.

Mimi nimekulia jirani na Fort Jesus. Bibi yangu alikuwa akisema kuta zile zina macho mengi upande wa mji kuliko upande wa maji. Nikadhani ni maneno ya kizee tu. Kule Portofino nikamwelewa.

Hoja yangu ni hii: ngome ile haikujengwa kuwalinda wavuvi, ilijengwa kuwachunga. Anayebisha aje na ushahidi. Nawasilisha.

#2 Chai_Kavu

Mkuu, uzi bila picha ni chai. Tupia picha.

#3 Mwana_Kisauni

Nimetupia tatu hapo juu. Ya pili ndiyo ya barazani. Ikuze utaona mashati.

#4 Chai_Kavu

Nimehesabu. Sita kweli. Endelea mkuu, navuta kiti.

#5 FundiMawe_Tanga

Mleta uzi umegusa jambo kubwa bila kujua.

Mwaka 1554 Jamhuri ya Genova ilitaka ngome ile ipangwe upya, na aliyechora mpango ni Giovanni Maria Olgiati, mhandisi wa ngome kutoka Milano. Fort Jesus yenu ilianza kujengwa mwaka 1593, na aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, naye wa Milano. Olgiati alifanya kazi Milano ikiwa chini ya Hispania. Cairati alikuwa mhandisi mkuu wa Wareno huko India, wakati mfalme Filipo wa Pili anatawala Hispania na Ureno kwa pamoja. Kwa hiyo shule ni moja na bwana ni mmoja. Tofauti ni miaka kama arobaini na bahari mbili tatu katikati.

Na hiyo shule ilikuwa na kanuni zake. Mzinga ulipokuja, ukuta mrefu mwembamba ukawa hauna kazi, maana risasi moja ya chuma inaupasua. Wakaanza kujenga ukuta mfupi, mnene, ulioegemea nyuma kidogo, wenye pembe zilizochomoza ili mzinga wa pembe hii ufagie ukuta wa pembe ile. Nenda Fort Jesus ukasimame kwenye pembe yoyote, utaielewa hesabu hiyo kwa macho bila kalamu. Katika hesabu ile adui hana upande mmoja. Anaweza kutoka majini, bara, au ndani ya mji wenyewe. Bibi yako hakukosea sana.

#6 Nahodha_Mstaafu

Vijana, mnatafuta mbali. Jibu ni maharamia.

Mimi meli yangu imetia nanga Genova mara nyingi miaka ya themanini, na mji mzima wa pwani ile una hadithi moja: Dragut. Huyu ni Turgut, nahodha aliyeitia hofu Mediterania nzima. Mwezi wa saba mwaka 1549 aliuvamia Rapallo, ambao ni mwendo mfupi tu kutoka Portofino, akapora na kuchukua watu mateka. Hebu angalieni yaliyofuata. Mwaka 1551 Rapallo wakajenga ngome ndogo majini kabisa, ipo mpaka leo. Mwaka 1554 mchoro wa Portofino alioutaja FundiMawe. Mwaka 1562 akina Doria, ukoo mkubwa wa Genova, wakajenga mnara San Fruttuoso, upande wa pili wa rasi hiyo hiyo. Ngome tatu ndani ya miaka kumi na tatu baada ya uvamizi mmoja. Ushahidi gani mwingine mnautaka?

Halafu mleta uzi, ghuba ile ameiona kama mtalii. Mimi naiona kama nahodha. Imejificha, maji yake ni ya kina mpaka karibu na nyumba, upepo mkali hauingii. Ukiwa mwizi wa baharini, huo ndio mlango unaoutaka. Ngome imekaa pale kwa ajili ya mlango.

Na jambo la mwisho. Anayetoka bandarini huangalia mbele, anayerudi huangalia juu. Baharia akirudi usiku na upepo hutafuta alama kwenye kilima. Ngome kwa mvuvi ni alama ya nyumbani pia.

#7 Mwana_Kisauni

Shikamoo Nahodha. Nimekuelewa, lakini hujajibu mashati. Kama ni maharamia, mbona uwanja wote wa kijiji uko chini ya mizinga?

#8 Nahodha_Mstaafu

Marahaba. Haramia akishaingia bandarini utampigia wapi kama si pale pale bandarini? Uwanja na bandari ni kitu kimoja.

#9 Bint_Pemba

Yakhe, nyie mmenikumbusha kwangu hapa Maskati. Bandari ya zamani ina ngome mbili, Jalali upande mmoja na Mirani upande wa pili, zimekaa juu ya majabali kama mapaka wawili wanaotazama sahani moja. Wareno ndio waliozijenga miaka ya 1580. Ukisoma vibao unaambiwa zililinda bandari. Lakini muulize mzee yeyote wa hapa Jalali ni nini, hatakwambia ngome. Atakwambia jela. Ilikuwa jela kwa miaka mingi, na jina lake lilitosha kumnyamazisha mtoto anayelia.

Mie namuunga mkono Mwana_Kisauni.

#10 Kaka_Historia

Naomba nimsahihishe Nahodha kwa heshima zote. Tarehe zako ni sahihi, ila umeanzia mwaka 1549. Rudi nyuma miaka miwili.

Januari 1547 ukoo wa Fieschi, makabaila wa Lavagna ambako ni jirani na hapo hapo, ulijaribu kumpindua Andrea Doria, mkubwa wa Genova. Usiku huo Gian Luigi Fieschi alikuwa anavuka ubao kupanda meli bandarini, akateleza, akazama kwa uzito wa mavazi yake ya chuma. Mapinduzi yakafa pamoja naye. Ngome na ardhi za ukoo wake zikachukuliwa.

Sasa fikirini kama serikali ya Genova mwaka 1554. Mna ukoo uliojeruhiwa, una watu wake kwenye vijiji vya pwani ile ile, unajua kila njia ya mlima. Mnaitengeneza ngome ya Portofino. Kwa ajili ya Mturuki peke yake? Na mwaka 1575, pale makabaila wa zamani na wapya wa Genova walipopigana wenyewe kwa wenyewe, aliyeishambulia Portofino hakuwa haramia wa Afrika Kaskazini. Alikuwa Giovanni Antonio Fiesco, wa ukoo huo huo wa Fieschi. Ngome ndiyo iliyosaidia kumrudisha. Yaani iliwatumikia dhidi ya Mgenova mwenzao.

#11 Chai_Kavu

Kuzama kwa uzito wa chuma ukiwa hatua moja kutoka kwenye urais. Huyo bwana nimemhurumia kweli.

#12 Mkongo_Torino

Ndugu zangu, niko Torino mwaka wa tisa, asili yangu Lubumbashi. Nyote mna haki lakini kuna tarehe mmeiruka.

Mwaka 1553 Wafaransa wakishirikiana na meli za Waturuki waliivamia Korsika, na Korsika ilikuwa mali ya Genova. Huyo Turgut wa Nahodha alikuwemo humo. Kwa hiyo tusimwite haramia tu kama mwizi wa usiku; alikuwa jemadari wa dola, ana mkataba na mfalme wa Ufaransa. Siku ya anga safi, watu wa pwani ya Liguria, yaani mkoa wa Genova na Portofino, huiona milima ya Korsika kwa macho. Vita viko dirishani. Mwaka mmoja baadaye, mwaka 1554, mhandisi anaitwa. Kwangu mimi hiyo ni ngome ya vita vya mataifa. Wavuvi hata hawakuulizwa.

#13 Nahodha_Mstaafu

Mkongo_Torino, hapo kwenye jemadari umenisahihisha vizuri. Nakubali. Lakini mwanamke wa Rapallo aliyefungwa kamba usiku ule hakuuliza kama aliyemfunga ana mkataba.

#14 Kaka_Historia

Hapo Nahodha umenena.

#15 Mlezi_Liguria

Jamani mimi naishi huko huko. Ni mlezi wa bibi mmoja Santa Margherita, ana miaka tisini na mbili, tunalala chumba cha kupakana. Uzi huu nimemsomea nikimtafsiria, ameamka kitandani akakaa.

Kwanza anasema hadithi ya Rapallo kila mtoto wa hapa anaijua: kuna kijana aliyekimbia usiku ule akambeba mchumba wake, kabla Dragut hajamfikia. Bibi anasimulia kama alikuwepo.

Pili, anasema nyote mnachanganya. Mnasema 1554 kana kwamba kilima kilikuwa kitupu. Ngome ilikuwepo karne moja na zaidi kabla, na chini yake kumekutwa mabaki ya mnara wa Warumi. Aliyekuja mwaka 1554 alikuta kuta akazipanga upya. Ukitaka kujua ilijengwa kwa nini, anasema, inabidi umuulize aliyeweka jiwe la kwanza, na huyo hana jina.

#16 FundiMawe_Tanga

Mpe bibi heshima zangu. Ni kweli, nilipaswa kusema "ilipangwa upya". Nimerudi #5 nikaangalia, nimeandika hivyo hivyo, ila waliofuata wameigeuza kuwa "ilijengwa". Na mleta uzi ndiye alianza kwenye kichwa cha uzi!

#17 Mwana_Kisauni

Nakubali kosa la kichwa. Hoja naibakiza.

#18 Mtu_wa_Vitabu

Alichosema bibi kina uzito. Portofino ilikuwa chini ya Genova tangu mwaka 1229. Mwaka 1409 mfalme wa Ufaransa, ambaye wakati huo aliishika Genova, aliiuza Portofino kwa Firenze. Aliiuza kama kiwanja, na watu ndani yake. Wafaransa walipofukuzwa Genova, ikarudishwa. Karne hiyo ikapita mikononi mwa koo: Fieschi, Spinola, Adorno, Doria.

Mimi basi naongeza maelezo ya nne. Ngome haikumlinda wala kumchunga mvuvi. Ilikuwa hati ya kiwanja. Aliyeishika ngome ndiye mwenye bandari, aliyeipoteza amepoteza bandari, na mvuvi alipata habari asubuhi kwa kuona bendera imebadilika.

#19 Bint_Pemba

Hii ya bendera imenichoma. Kwetu Unguja watu wamezisoma bendera hivyo hivyo.

#20 Baba_Amani

Samahani wakuu, nimechelewa. Nilisikia ngome hiyo iliokolewa na mke wa balozi wa Kijerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuwa anaishi humo Castello Brown. Hilo nalo mliweke kwenye kumbukumbu.

#21 Mlezi_Liguria

Kaka, hapo umechanganya ngome mbili, na hata wenyeji huchanganya kwa sababu ya jina. Castello Brown zamani iliitwa ngome ya San Giorgio. Lakini kuna jengo jingine pale kijijini linaitwa Castello San Giorgio, na hilo ndilo lililokuwa la familia ya Mumm. Balozi Alfons Mumm von Schwarzenstein, aliyewahi kuiwakilisha Ujerumani nchini China, alifia Portofino mwaka 1924. Mjane wake Jeannie, mwenye asili ya Uskochi, akabaki. Mwaka 1945 Wajerumani wanaondoka walikuwa wamepanga kukilipua kijiji, na huyo mama akamwomba ofisa wao mpaka akaacha. Nyumba mnazozipiga picha leo zimesimama kwa maneno ya mama huyo.

Kanisa la San Giorgio, lile mleta uzi alilolipita akipanda, halikupata bahati hiyo. Mabomu yalilibomoa, likajengwa upya mwaka 1950.

Na kuna jambo bibi hakutaka nilitafsiri haraka. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1944 wafungwa wa kisiasa 22 walitolewa gereza la Marassi huko Genova, wakaletwa Portofino, mahali panapoitwa Olivetta. Wakapigwa risasi, miili ikatupwa baharini. Bibi wakati huo alikuwa msichana mdogo. Alisema "Olivetta", akanyamaza, akaniomba nifunge dirisha.

#22 Mwana_Kisauni

Nilipita karibu na hapo na boti. Sikujua. Mpe pole bibi.

#23 Ustadhi_Kilwa

Nimesoma tangu mwanzo nikitafakari neno moja la kwetu ambalo wengi tunalitumia bila kulichungulia: gereza. Asili yake ni neno la Kireno la kanisa, igreja. Kanisa lao lilikuwa ndani ya kuta, ndani ya kuta mlikuwa na askari, na baadaye wafungwa. Kwa hiyo jina la nyumba ya ibada likatembea mpaka likawa jina la jela. Na kwetu Kilwa Kisiwani ile ngome iliyo ufukweni mpaka leo inaitwa Gereza. Hakuna anayeiita kwa jina lingine.

Watu wa pwani hii walipoitazama ngome kwa nje, hawakuona ulinzi. Lugha imeshuhudia.

#24 Mjukuu_wa_Askari

Ustadhi umesema kweli. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari jela Lamu, kwenye ngome ile iliyokamilika mwaka 1821. Ilikuwa jela mpaka mwaka 1984. Mama anasimulia kwamba akiwa mtoto alimpelekea babu chakula cha mchana, na kutoka ngazi za ngome aliona uwanja wote, mkwaju, wazee wakicheza bao. Wafungwa nao walisikia kete za bao. Mtu amefungwa hatua hamsini kutoka kwao na anasikia nani kashinda.

Lakini mama huyo huyo anasema sikukuu uwanja ule ulijaa kwa sababu ya kivuli cha ngome. Watu waliuchukia ukuta na kukaa chini yake. Nadhani mkiwauliza wavuvi wa Portofino wa zamani mngepata majibu mawili pia.

#25 Chai_Kavu

Sasa hilo jina. Castello Brown. Brown ndiye nani katikati ya akina Fieschi na Doria?

#26 Mtu_wa_Vitabu

Baada ya mwaka 1815, Genova ilipounganishwa na ufalme wa Sardinia, ngome haikuwa na kazi tena ikaachwa. Mwaka 1867 Montague Yeats-Brown, konsuli wa Uingereza mjini Genova, akainunua kwa lira 7,000. Akamtumia Alfredo d'Andrade, mjuzi wa majengo ya kale, kuigeuza kuwa makazi. Matundu ya mizinga yakawa madirisha ya kupunga upepo. Ile misonobari miwili ya kwenye picha ya mleta uzi ilipandwa mwaka 1870 kwa ajili ya ndoa yake: mmoja wa bwana, mmoja wa bibi.

Familia ilikaa mpaka mwaka 1949, ikauzwa kwa Waingereza wengine, na mwaka 1961 manispaa ya Portofino ikainunua. Leo ni mahali pa kutembelewa, pa maonyesho na harusi.

Yaani kwa mara ya kwanza katika historia yake, tangu mwaka 1961, ngome ni mali ya kijiji kinachoangaliwa nayo. Kwangu hilo ni kubwa kuliko mizinga yote mliyoitaja.

#27 Chai_Kavu

Mwana_Kisauni, binamu yako aliyeoa Genova kapanda nini? Apande walau mnazi kwenye ndoo.

#28 Mwana_Kisauni

Wanaishi orofa ya tano. Wana mrehani dirishani, ule wa kutengenezea pesto. Umestawi, nitamfikishia.

#29 Mtoto_wa_Malindi

Kwa kuwa mmetaja Genova, acha niwape la kwetu. Malindi tuna Waitaliano tangu zamani, muuza samaki wa sokoni anakupigia hesabu kwa Kiitaliano. Wengi hudhani walivutiwa na fukwe tu. Lakini miaka ya sitini Waitaliano waliweka jukwaa la kurushia satelaiti baharini kaskazini ya mji, likaitwa San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa hilo ikarushwa satelaiti ya Wamarekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani, wakaipa jina la Uhuru. Aliyeongoza kazi ile ni Riccardo Giacconi, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Amezaliwa wapi? Genova.

Baba yangu alikuwa mpishi upande wa jukwaa. Akisema "sisi tuliirusha Uhuru" tulimcheka. Leo simcheki.

#30 FundiMawe_Tanga

Hongera kwa mzee. Hiyo anzishia uzi wake, naahidi kuchangia. Hapa turudi ngomeni.

#31 Baba_Amani

Kabla hatujarudi: zile rangi za nyumba sababu yake nini? Nimesikia ni ili mvuvi aione nyumba yake akiwa baharini.

#32 Mlezi_Liguria

Hivyo ndivyo bibi anavyosema. Mjukuu wake, ambaye ni mpaka rangi, anabisha. Anasema ni desturi ya Genova, tajiri alichonga mawe na asiye na uwezo akachora. Ndiyo maana utaona madirisha ya kuchorwa kila mahali hapa. Wiki ya kwanza kufika niliona dirisha la jirani limeachwa nusu wazi na mvua inakuja, nikamgongea mlango. Akanitoa nje akanionyesha: rangi tupu. Kibao, bawaba, hata kivuli chini ya kizingiti, vyote brashi. Wengine wanasema walikwepa kodi ya madirisha, wengine wanasema ni kusawazisha sura ya nyumba. Mle ndani kwao bado wanabishana.

Na hilo la kuchungwa, nina ushahidi wa karibu. Oktoba 2018 dhoruba iliikata barabara ya kutoka huku kwetu kwenda Portofino. Bahari iliila kabisa. Kijiji kikarudi kuwa cha zamani: boti, au miguu kupitia msituni. Rafiki yangu anayefanya kazi ya jikoni kule alitembea njia ya mlima asubuhi na tochi. Alisema alichokuwa anakiona kwanza akitokea kwenye miti ni ngome, na moyo ulitulia.

Lakini mwaka 2023 manispaa ikaweka sehemu za bandarini ambapo huruhusiwi kusimama na kupiga picha, faini mpaka euro 275. Kwa hiyo kuna anayechungwa pale mpaka leo, ila sasa ni mgeni.

#33 Mwana_Kisauni

Nilipigwa filimbi hapo! Nilidhani ni mimi nimekosea kuvaa.

#34 Kaka_Historia

Wadau, tumebaki na maelezo ya Dragut, ya Fieschi, ya Korsika, ya hati ya kiwanja, na mashati ya mleta uzi. Mimi sihami kwa Fieschi.

#35 Mkongo_Torino

Na mimi sihami Korsika.

#36 FundiMawe_Tanga

Ukuta hausemi uongo. Mjenzi huweka unene pale anapoogopa. Dada Mlezi, ukipata siku ya mapumziko panda ukaangalie: upande wa kijiji na upande wa bahari, upi umenenepa? Angalia kwenye kina cha madirisha, pale mkono unapopita. Ila kumbuka d'Andrade alishapita na nyundo, kwa hiyo tafuta mawe ya chini, usihukumu kwa yale ya juu.

#37 Mlezi_Liguria

Jumapili nina nafasi baada ya saa nane. Bibi ameniambia nimpigie picha misonobari.

#38 Mlezi_Liguria

Nimerudi. Samahani kwa kuchelewa, bibi alikuwa na homa kidogo, sasa mzima.

Nilikwenda kwa boti makusudi. FundiMawe utanisamehe, kuta nimezipapasa lakini plasta imefunika kiasi kwamba sikuweza kutofautisha mawe ya Olgiati na ya yule konsuli. Ninachoweza kusema ni kwamba kutoka majini ngome unaiona kwanza. Kijiji hakionekani kabisa, kimefichwa na kilima. Unaiangalia ngome muda mrefu, halafu boti inapinda na nyumba zote zinafunguka kwa pamoja.

Nilikaa barazani mpaka jua likaanza kushuka, kati ya ile misonobari. Mashati hayakuwepo, Jumapili hawaaniki. Boti za anasa zilikuwa zimezima injini. Kuna mzee mmoja kwenye mashua ndogo ya mbao, ana nyavu za manjano zimerundikwa mbele, peke yake. Alipofika chini yangu akainua uso moja kwa moja mpaka barazani, kama mtu anayeangalia saa ya ukutani. Nikampungia mkono. Naye akapunga.

#39 Mwana_Kisauni

Umeona? Hata yeye anajua kuna mtu anamtazama kule juu.

#40 Nahodha_Mstaafu

Mwanangu, nijibu moja. Mashua ilikuwa inatoka au inaingia?

#41 Mlezi_Liguria

Inaingia.